Kazi za kambini zinapofika kwenye fomu ya uraia wa Marekani

Ujumbe huwa unaingia alfajiri, wakati kwao ni usiku na ndiyo kwanza wametoka zamu. "Mwalimu, shikamoo. Ile kazi ya kupima unga kule kituoni nilianzaka mwaka gani?" Anayeuliza yuko Iowa, au Kentucky, au Texas. Ana mtoto aliyezaliwa huko, ana gari la mkopo, na mezani kwake kuna fomu ya kuomba uraia inayomtaka aseme alikuwa anafanya kazi gani, wapi, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Mimi niko Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Nilifanya kazi kwenye shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu, kwanza upande wa elimu, baadaye upande wa ugavi. Shirika lilipofunga shughuli zake liliondoka na makabati yake, na madaftari ya mahudhurio sijui yaliishia ghala gani. Waliobaki na namba yangu wananiuliza mimi.

Naandika kwa sababu ninayowajibu mmoja mmoja yanafanana, na kwa sababu kuna ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ambao unanitia hofu. Unasema: za kambini usiandike, zile hazikuwa kazi, ukiandika utajichongea. Nawaomba ndugu zangu wasiufuate. Unaweza kumgharimu mtu uraia wake hata miaka kumi baada ya kuupata.

Kwa asiyeijua Nyarugusu: ilifunguliwa mwaka 1996 huku wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini wakavuka Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi. Ukishapita kijiji cha Makere unaanza kuona nyumba za matofali ya udongo zimepangwa kwa zoni, na watu wengi kuliko miji mingi ya mkoa huu. Kuna watu waliozaliwa mle, wakasoma mle, wakaoana mle, na wakaondoka mle kwenda Marekani bila kuwahi kulala nje ya kambi hata usiku mmoja.

Kazi kwenye mazingira yale ilikuwa na ugumu wake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kwenye eneo alilotengewa, na kwa utaratibu wa kambi zetu mtu haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali. Kuajiriwa kama Mtanzania anavyoajiriwa haikuwezekana. Kwa hiyo mashirika yalichukua wakimbizi wakafundisha shule, wakakaa zahanati wakitafsiri Kibembe na Kirundi, wakachimba vyoo, wakapima unga na kunde siku za mgao, halafu wakalipwa posho ndogo ya mwezi iliyoitwa insentivu. Mwalimu wa hesabu aliyebeba darasa la watoto zaidi ya mia alipokea insentivu. Mkunga aliyekesha wodini alipokea insentivu. Hapakuwa na mkataba wa maana, hapakuwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, na barua ya kuthibitisha kazi ilipatikana kwa kubembeleza.

Hizo ndizo kazi zilizoruhusiwa. Zilikuwepo na zile za kujificha. Watu walitoka kambini kabla jua halijachomoza, wakapita vichakani kukwepa kizuizi, wakaenda kulima mashamba ya Waha kwenye vijiji vya jirani kwa ujira wa siku. Hili silisimulii kwa kusikia. Mihogo ya mama yangu ililimwa na watu ambao leo ni raia wa Marekani. Walifika shambani umande haujakauka, majembe wakaazima kwetu, na saa nane mchana walikuwa wameshaondoka ili wawahi kurudi kabla ya msako. Wengine mama aliwalipa fedha, wengine waliomba walipwe mihogo yenyewe kwa sababu mgao ulikuwa umepunguzwa. Waliokamatwa njiani walilala mahabusu, na baadhi walipelekwa mahakamani.

Sasa fikiria mtu aliyeishi hivyo miaka kumi na tano au ishirini. Kila alipofanya kazi ya maana ya kulisha wanawe aliifanya akiwa na hofu, na kila aliyemuuliza "unafanya kazi gani?" alikuwa mtu wa kuogopwa: askari, mkuu wa kambi, afisa wa shirika anayeweza kumwondoa kwenye orodha. Jibu salama lilikuwa moja: sina kazi. Halafu mtu huyo huyo anafika Marekani, anakaa miaka mitano, anapewa karatasi ya serikali inayomuuliza swali lile lile, na safari hii jibu la "sina kazi" ndilo lenye hatari. Simlaumu hata kidogo anayesita. Lakini lazima aelezwe kwamba mambo yamegeuka.

Fomu yenyewe inaitwa N-400. Mtu aliyeingia Marekani kama mkimbizi anatakiwa kuomba kadi ya ukaazi wa kudumu, ile wanayoiita grinikadi, baada ya mwaka mmoja, na akishaipata huhesabiwa kuwa mkaazi tangu siku aliyoingia nchini. Miaka mitano ikitimia anaweza kuomba uraia. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 760 ukituma karatasi na 710 ukijaza kwa mtandao, na kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo. Kwenye sehemu ya kazi na shule, N-400 inataka miaka mitano iliyopita, ukianzia na kazi ya sasa: jina la mwajiri, anwani, kazi uliyokuwa ukifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama kipindi fulani hukuwa na kazi, unaandika hukuwa na kazi. Mama wa nyumbani aandike hivyo, mwanafunzi aandike shule. Kinachotakiwa ni kwamba pasiwe na miezi isiyo na mwenyewe.

Wengi wanasema: basi ni miaka mitano tu, Nyarugusu haihusiki. Hapo ndipo wanapojikwaa, na pana sababu mbili.

Ya kwanza ni ya hesabu. Sheria inaruhusu kutuma ombi siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia, na watu wetu wengi hutuma mapema kwa sababu wamengoja vya kutosha. Chukua mtu aliyetua Marekani Mei 2019. Anaweza kutuma fomu Februari 2024. Rudi nyuma miaka mitano kutoka siku hiyo, unaangukia Februari 2019, na Februari 2019 mtu huyo alikuwa bado Nyarugusu, yuko darasani na chaki mkononi. Miezi ile mitatu ni ya kambini na inatakiwa iandikwe kama mingine. Ndiyo maana wananiuliza. Mwajiri ni shirika fulani, mahali ni kambi ya Nyarugusu, Kasulu, Kigoma, Tanzania, kazi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwamba alilipwa insentivu badala ya mshahara hakumfanyi awe hakufundisha. Na kama miezi ile alikuwa analima vibarua vya nje, ni kazi ya kujitegemea ya kulima, aiandike hivyo. Afisa wa Marekani anajua kambi ni nini. Serikali yake ndiyo iliyomtoa mtu huyo kambini.

Kwa upande mwingine, vibarua vya mwaka 2003 havikuulizwa kwenye sehemu hiyo, na hakuna haja ya kujaza ukurasa kwa kuvisimulia. Jibu kilichoulizwa, kwa muda ulioulizwa. Ila kama uliwahi kukamatwa ukitoka kambini, swali la kukamatwa halina ukomo wa miaka wala wa nchi. Linataka kujua kama umewahi, popote duniani. Usiku ule wa mahabusu unaingia humo, hata kama uliachiwa asubuhi bila kesi.

Sababu ya pili ndiyo nzito, na nitakaa nayo kidogo. Mbele zaidi kwenye fomu kuna maswali yanayoanza na "umewahi". Umewahi kuwa mwanajeshi au polisi? Umewahi kuwa kwenye kundi lenye silaha, na mifano inayotajwa ni pamoja na waasi, kikundi cha kujilinda, na kikundi cha ulinzi kisicho cha serikali? Umewahi kufanya kazi gerezani, mahabusu, au mahali popote ambapo watu walizuiliwa? Hapa miaka mitano haipo. Ni maisha yote, na kujitolea bila malipo kunahesabika.

Kambini tulikuwa na sungusungu. Jina lilitoka kwa wenzetu wa Usukumani na Unyamwezini, ambako walianza mapema miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo, na kambi zikalichukua kwa walinzi wakimbizi waliolinda zoni zao wenyewe usiku. Walikuwa vijana na wazee wa heshima, na hakuna aliyewaona kama kundi la kijeshi. Lakini soma tena swali.

Mzee mmoja alinipigia akiwa amekwama hapo hapo. Alikuwa sungusungu kwa miaka kadhaa, na shemeji yake alikuwa amemwambia aweke "hapana" kwa sababu ile ilikuwa kazi ya kijamii. Nikamuuliza alikuwa anabeba nini. Firimbi, rungu, tochi. Alikuwa anafanya nini? Anazunguka zoni tangu saa nne usiku, anatuliza ugomvi wa nyumba kwa nyumba, hasa siku za posho pombe inapozidi, na akimkamata mwizi anampeleka kwa polisi wa kambi.

"Na polisi wakiwa hawapo, mzee?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Kulikuwa na kile chumba pembeni ya ofisi ya zoni. Tunamweka mpaka kukikucha."

Kwa hiyo hakuwa na swali moja la kujibu "ndiyo", alikuwa nayo mawili. Nikamwambia asitume fomu kabla hajakaa na wakili, au na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao wapo kwenye mashirika mengi yanayosaidia wahamiaji na gharama yao ni nafuu. Asiende kwa wale wanaojaza fomu kwenye maduka kwa dola mia, wanaoweka "hapana" kila mstari ili fomu ionekane safi. Akapata mwanasheria, wakaandika maelezo ya ukurasa mmoja: lini alianza, nani alimteua, alibeba nini, aliripoti kwa nani, chumba kile kilitumikaje, na kwamba yeye hakumpiga mtu. Kwenye usaili afisa alikaa sana juu ya chumba. Aliuliza kama kulikuwa na bunduki, kama kuna aliyeumia, kama kuna aliyekufa. Uamuzi haukutoka siku ile. Ulipotoka ulikuwa mwema, na picha ya siku ya kiapo ninayo kwenye simu.

Kwa nini nisisitize hivyo wakati huenda "hapana" yake isingegundulika? Kwa sababu faili lipo. Kila aliyepita usaili wa maofisa wa Marekani huku Kigoma ana faili lenye namba inayoanza na herufi A, na ndani yake yamo aliyoyasema wakati ule: alifanya kazi gani kwao Kongo, Fizi au Uvira, alikimbia lini, kambini alikuwa nani. Maombi ya grinikadi nayo yaliuliza kazi, nayo yamo. Afisa wa uraia anakaa na faili hilo mbele yake, anapitia N-400 mstari kwa mstari, na mwombaji ameshaapa. Kama Kasulu alisema alikuwa sungusungu na leo anasema hakuwahi, tatizo halitakuwa tena usungusungu.

Wapo waliofikishwa mahakamani kwa hili, na kesi zao ni za wazi. Divna Maslenjak, Mserbia wa Bosnia, aliingia Marekani kama mkimbizi na akawa raia mwaka 2007. Alikuwa amewaambia maofisa kwamba mumewe alikwepa jeshi, kumbe mume alikuwa ofisa kwenye brigedi ya jeshi la Waserbia wa Bosnia iliyohusishwa na mauaji ya Srebrenica ya mwaka 1995. Tazama vizuri: iliyofichwa ilikuwa kazi ya mume, na kilichomfikisha kizimbani ni kwamba kwenye fomu ya uraia aliulizwa kama amewahi kutoa taarifa za uongo kwa maofisa wa Marekani, akajibu hapana. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema uongo peke yake hautoshi kumnyang'anya mtu uraia kwa kosa lile la jinai, lazima uwe ulichangia kuupata. Watu wanaishika hukumu hiyo kama kinga. Lakini kwenye kesi ya Kungys ya mwaka 1988 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshasema kwamba ushahidi wa uongo wa mdomo, uliotolewa kwa kiapo ili kupata manufaa ya uhamiaji, unaharibu sifa ya mwenendo mwema hata kama jambo lenyewe ni dogo. Yaani kazi ambayo ingekuwa si lolote ukiisema, inaweza kukufungia mlango ukiikana kwa kiapo. Na jirani zetu Wanyarwanda wanaikumbuka kesi ya Beatrice Munyenyezi wa New Hampshire, aliyehukumiwa mwaka 2013 kwa kudanganya kuhusu nafasi yake kwenye mauaji ya 1994 ili apate uraia, akatumikia kifungo, na mwaka 2021 akarudishwa Rwanda.

Simfananishi mlinzi wa zoni na watu hao, na ningekasirika kama mtu angefanya hivyo. Nawataja kwa sababu sheria iliyowapata ni ile ile moja, na ndiyo inayonifanya nimwambie mzee wangu wa firimbi na rungu aseme yote. Yeye hana cha kuficha. Uongo ndio ungempa cha kuficha.

Waliopita mikononi mwa wanamgambo huko Kivu kabla ya kuvuka ziwa, waliolazimishwa kubeba mizigo, kupika, kuonyesha njia, wao hasa wasijaze chochote bila mwanasheria. Kulazimishwa ni utetezi mkubwa, lakini unatakiwa uelezwe na mtu anayejua sheria, mapema, kwa maandishi.

Kuhusu kazi za Marekani kwenyewe nitasema kifupi, maana huko ushahidi upo. Shida kubwa ni ejensi, yaani kampuni inayoajiri watu na kuwapeleka kufanya kazi kwenye viwanda vya wengine. Mtu anakata kuku kwenye kiwanda kimoja miaka miwili, lakini aliyemlipa ni ejensi iliyobadilisha jina katikati, na akiulizwa mwajiri anataja kiwanda. Karatasi ya W-2, ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kufikia tarehe 31 Januari kila mwaka, ndiyo yenye jina sahihi na anwani ya aliyekulipa. Ukizipoteza, omba kumbukumbu zako kwa mamlaka ya kodi, IRS, hazina malipo. Kina mama wanaosuka nywele nyumbani, wanaouza sambusa kanisani na wanaolea watoto wa jirani, nayo ni kazi na iandikwe. Na faida ya kujitegemea ikifika dola 400 kwa mwaka inatakiwa itolewe ritani ya kodi, kwa hiyo tengeneza kodi kwanza kisha ndiyo utume fomu. Kama umebadilisha kazi baada ya kutuma, mwambie afisa mwanzoni mwa usaili, ataongeza kwenye fomu na wewe utasaini. Ukigundua kosa, lisahihishe mwenyewe kabla hajakuuliza. Tofauti ya kulisema kwanza na kulisema baada ya kubanwa ni kubwa sana.

Ninachoweza kufanya nikiwa huku ni barua. Naandika jina langu, cheo nilichokuwa nacho, kipindi nilichomsimamia mtu, kazi aliyofanya, na nilijuaje. Pale ninapokumbuka mwaka bila mwezi naandika mwaka tu. Nimeombwa mara kadhaa nimwandikie mtu miaka ambayo sikuwepo, au nimpandishe kutoka mpimaji awe msimamizi, na nimekataa. Barua ya uongo ikikutana na faili inamwangusha aliyeomba, nami siko tayari kuwa sababu. Kukumbuka miaka kunasaidiwa na mambo yaliyotokea: Warundi walipofurika ilikuwa 2015, kambi ya jirani ya Mtendeli ilipofungwa ilikuwa 2021. Mtu akisema "nilianza kabla Warundi hawajaja, mtoto wa pili akiwa mgongoni", tayari tuna mahali pa kuanzia, na kadi ya kliniki ya mtoto inatupa mwezi.

Tangu Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, wapo waliokuwa wameshasailiwa na bado wako Nyarugusu, na wao pia yale waliyoyasema yako kwenye mafaili. Kwao nasema watunze kila karatasi ya insentivu, hata iwe imeliwa na mchwa pembeni. Ipigwe picha leo, itumwe kwa ndugu aliye nje.

Na kwa Watanzania wenzangu tuliosimamia vituo vya mgao, shule na zahanati za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli: kama una daftari la mahudhurio au orodha ya malipo uliyobaki nayo nyumbani, usiifungie maandazi. Niandikie. Natafuta hasa walimu wa zoni za Wakongo kabla ya 2015 na wapimaji wa kituo cha mgao, kwa sababu hao ndio wanaouliza zaidi sasa hivi na ndio nisiokuwa na tarehe zao.